Nani Amelipa Nauli?

Neno bure ni tamu masikioni. Mtu akiitwa kuja kununua, husimama akafikiri. Akiitwa kuja kupokea bure, huenda mbio bila ya kufikiri. Huu ni udhaifu wa wanadamu wote, matajiri kwa maskini, wasomi kwa wasiosoma. Kwa sababu hiyo neno hili limekuwa chombo kikubwa cha biashara duniani. Nakuomba, msomaji, tulitazame pamoja katika jambo moja la zama zetu, nalo ni maili za ndege zinazopatikana kwa akaunti za benki na kadi za mkopo. Yamkini hujapata kupanda ndege, wala kadi ya mkopo hujaishika. Haidhuru. Swali lililomo ndani ya jambo hili ni kongwe kuliko ndege na kuliko benki: faida inapotufikia mkononi, je, yatosha kwamba hatukuiiba, au yatupasa kuuliza imetoka mkononi mwa nani?

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mwezi wa Mei, 1981, shirika la ndege la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wa kuhesabu maili ambazo kila abiria wake amesafiri. Aliyekusanya maili nyingi alipewa safari bila ya nauli. Mashirika mengine yaliiga upesi. Shabaha ya wote ilikuwa moja, nayo ni kumzuia abiria asihamie kwa mshindani. Ndege huweza kuruka ikiwa na viti vitupu, na kiti kitupu hakiwekwi akiba mpaka kesho. Kukitoa zawadi ilikuwa hasara ndogo, na utii wa abiria ulikuwa faida kubwa.

Fikra hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1896 kampuni ya Sperry and Hutchinson ilianza huko huko Marekani kuwauzia wenye maduka stempu za kijani. Mwenye duka alimpa mnunuzi stempu kwa kadiri ya fedha alizotumia. Mnunuzi alizibandika kitabuni, na kitabu kilipojaa alikibadili kwa vyombo vya nyumbani. Mnunuzi alifurahi kwamba amepata sufuria ya bure. Lakini mwenye duka alikuwa amezinunua stempu zile kwa fedha taslimu, na mfanyabiashara mwenye akili hasahau kuingiza gharama zake katika bei ya vitu vyake.

Mwaka 1987 American Airlines iliungana na Citibank kutoa kadi ya mkopo ambayo kila dola iliyotumiwa kwayo ilileta maili. Tangu hapo maili zilianza kuachana na safari. Mtu aliweza kuzipata kwa kununua unga, viatu au petroli, bila ya kutoka mjini kwake. Siku hizi benki hununua maili kwa jumla kutoka katika mashirika ya ndege, nazo huzigawa kwa wateja wao rejareja. Biashara hii ni kubwa ajabu. Mwaka 2024 shirika la Delta lilipokea kiasi cha dola bilioni 7.4 kutoka kwa kampuni ya American Express kwa sababu ya ushirikiano wao wa kadi na maili. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia safari, shirika la United liliuweka rehani mpango wake wa maili, likakopa dola bilioni 6.8. Ndege zilikuwa zimelala viwanjani, lakini maili ziliweza kukopewa fedha! Mwenye akili aone hapo kwamba kitu kinachoitwa zawadi ni bidhaa, tena bidhaa ya thamani.

Mteja mpya ndiye hutongozwa zaidi. Mwaka 2016 benki ya Chase ilitoa kadi iliyokuwa na ada ya dola 450 kwa mwaka, na ikaahidi pointi 100,000, zilizoweza kugeuzwa kuwa maili, kwa mteja atakayetumia dola 4,000 katika miezi 3 ya kwanza. Benki nyingine huahidi maili kwa mtu atakayefungua akaunti na kuweka amana ya kiasi fulani kwa muda fulani. Basi wametokea watu walioifanya kazi hii kuwa kama ufundi. Hufungua kadi, wakatimiza sharti, wakachukua maili, wakaifunga, wakaenda kwa benki ya pili. Hukaa viti vya mbele vya ndege kwa fedha chache kuliko zile alizotoa abiria wa viti vya nyuma. Wako wanaowasifu kwa werevu, na wako wanaowaita wadanganyifu. Sisi tutawahukumu vipi?

Hukumu nzuri huhitaji kipimo, na kipimo ninachokutolea ni hiki: faida ni safi pale mtu anayeilipia anapojua kwamba analipa, na anaporidhia kulipa. Mambo mawili yanatakiwa, ujuzi na ridhaa. Mwizi huchukua bila ya ridhaa ya mwenye mali. Laghai hupata ridhaa, lakini huipata kwa kuficha ujuzi. Rafiki atoaye zawadi ana vyote viwili. Na tukipime kipimo hiki kwa mambo yaliyotokea kweli.

Mwaka 1999 kampuni iliyotengeneza vyakula vya Healthy Choice iliahidi maili kwa kila mtu atakayeipelekea alama zilizobandikwa katika vyakula vyake. Alama 10 zilistahili maili 500, na aliyewahi mapema alipewa mara mbili, yaani 1,000. Mhandisi mmoja wa California, David Phillips, alikaa akapiga hesabu. Aliona kwamba katika maduka fulani vikombe vidogo vya chakula kitamu cha baada ya mlo viliuzwa kwa senti 25 kila kimoja. Vikombe 10 vilikuwa dola 2 na nusu, na kwa dola hizo mtu alipata maili 1,000. Alinunua vikombe 12,150 kwa dola 3,140. Kwa kuwa hakuweza kubandua alama zote kwa wakati, alikipeleka chakula kwa Jeshi la Wokovu; watu wao wa kujitolea walimsaidia kubandua, nao wakapata chakula cha kuwapa wahitaji. Alipata maili zaidi ya milioni 1 na robo.

Je, alitenda vibaya? Kampuni ilitunga ahadi yenyewe, ikaiandika yenyewe, ikaitangaza kwa hiari yake. Ilijua kwamba italipa, ijapokuwa haikutazamia mtu mmoja kuipokea ahadi kwa mikono miwili namna ile. Hakuidanganya wala hakughushi alama hata moja. Chakula hakikutupwa, bali kiliingia matumboni mwa wenye njaa. Sioni mtu aliyedhulumiwa hapa. Akili ni mali, na huyu aliitumia akili yake mahali ambapo wengine walipita bila ya kuona.

Sasa tazama jambo la pili. Serikali ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 2005, ilipiga sarafu za dola moja zenye sura za marais wake. Watu hawakuzipenda, walizoea noti. Ili sarafu zienee mikononi mwa watu, kiwanda cha serikali kilikubali kuanzia mwaka 2008 kumwuzia mtu yeyote sarafu hizo kwa thamani yake kamili, dola kwa dola, na kumpelekea nyumbani bila ya kutoza gharama za kusafirisha. Tena kilipokea kadi za mkopo. Wawindaji wa maili walipoliona jambo hilo waliagiza sarafu za maelfu ya dola kwa kadi zao, na zilipofika walizichukua moja kwa moja mpaka benki, wakaweka amana, wakalipa deni la kadi kwa fedha zile zile. Hawakupoteza hata senti, na maili zikabaki kwao. Mwezi wa Julai, 2011, kiwanda kikaacha kuuza sarafu hizo kwa kadi.

Werevu wa watu hawa na werevu wa yule mhandisi ulikuwa wa namna moja. Wote walisoma masharti kwa makini, na wote hawakuvunja sheria. Lakini kipimo chetu kinawatenga. Ada za kadi na gharama za kusafirisha zililipwa na kiwanda cha serikali, na mali ya serikali ni mali ya umma. Umma haukujua, na kama ungaliulizwa haungaliridhia. Sarafu zilizokusudiwa kuzunguka sokoni zilizunguka kutoka ghalani mwa serikali mpaka ghalani mwa benki. Tunajifunza hapa kwamba mtu aweza kuyatii maneno ya sheria akaiua maana yake, na kwamba haki haikomi pale ambapo polisi hana la kusema.

Mifano hii miwili ni ya nadra. Turudi katika maili za kila siku, zile zinazopatikana kwa kununua unga na viatu kwa kadi. Nani huzilipia? Mteja husema, benki. Walakini benki huzitoa wapi fedha? Mnunuzi anapolipa dola 100 kwa kadi ya mkopo katika Marekani, mwenye duka hapati zote. Hukatwa kiasi cha dola 2 hivi, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Katika sehemu hiyo ndimo maili hununuliwa. Mwenye duka naye, kama yule wa stempu za kijani, huongeza bei. Hawezi kumwongezea mwenye kadi peke yake, kwa kuwa bei iliyobandikwa katika kitu kwa kawaida ni moja kwa wote. Basi mama anayelipa kwa noti alizozifunga katika leso hulipa bei ile ile iliyopandishwa kwa sababu ya kadi, lakini yeye hapati maili hata moja.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2010 wataalamu wa uchumi wa Benki ya Akiba ya Shirikisho ya Boston, mojawapo ya benki zinazofanya kazi ya benki kuu ya Marekani, walikadiria kwamba nyumba yenye mapato ya dola 20,000 au pungufu kwa mwaka ilipoteza kwa wastani dola 21 kila mwaka kwa njia hii, na nyumba yenye mapato ya dola 150,000 au zaidi ilipata dola 750. Dola 21 si nyingi. Lakini tazama mwelekeo wa mto huu: wanatoa wenye kidogo, wanapokea wenye kingi. Na tukikiweka kipimo chetu juu ya jambo hili, twaona kwamba mlipaji hajui na hajaulizwa.

Yuko mlipaji mwingine, naye ni mwenye kadi aliyeshindwa kulipa deni lake kwa wakati. Mwaka 2023 madeni ya kadi katika Marekani yalipita dola trilioni 1, na riba ya kadi kwa wastani ilizidi 20 kwa kila 100 kwa mwaka. Mtu aliyefuata maili 50,000 akanunua asichokihitaji, kisha akalipa riba mwaka mzima, amelipa nauli yake na nauli ya mwenziwe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu aliweka sahihi, basi ridhaa aliitoa. Lakini aliitoa akitazama picha ya ndege, si hesabu ya riba. Benki hujua kabla kwamba katika wengi watakaoitikia mwito, wako watakaoanguka. Mwerevu anayelipa deni lake lote kila mwisho wa mwezi hula karamu ambayo mchango wake umetolewa pia na hao walioanguka mlangoni.

Maili zinazotolewa kwa kuweka amana zina hali tofauti. Hapo benki hulipa kwa kuwa inataka kuitumia fedha ya mteja, na mteja hulipwa kwa kuwa ameikopesha. Jina la malipo ya namna hiyo twalijua tangu zamani: ni riba. Wenye kutoza kodi wameliona hilo. Mwaka 2012 Citibank ilipeleka hati za kodi kwa wateja waliopewa maili kwa kufungua akaunti, ikazihesabu kila maili moja kwa senti 2 na nusu. Na mwaka 2014 mahakama ya kodi ya Marekani iliamua kwamba tikiti iliyopatikana kwa pointi za amana ni mapato, na hutozwa kodi. Lakini maili za manunuzi kwa desturi hazitozwi, kwa sababu huhesabiwa kuwa punguzo la bei. Kwa hiyo sheria huona riba upande mmoja, na punguzo upande wa pili. Neno zawadi, ambalo limejaa katika matangazo, sheria haikuliona popote.

Najua utapinga, na ni vema upinge. Utasema: “Kama mimi nikizikataa maili, bei dukani haitashuka hata senti. Yule mama hatapata kitu kwa kunyimwa kwangu.” Kweli kabisa. Na hii ndiyo sababu sisemi kwamba kila apokeaye maili ni mwenye hatia. Dhuluma ya mpango haitokani na mkono wa mtu mmoja, wala haiondoki kwa mtu mmoja kuuvuta mkono wake. Lakini hoja hii inakuokoa na hatia ya kupokea tu. Haikuokoi na wajibu wa kusema kweli. Anayefaidika na kosa la mpango ndiye mwenye deni la kwanza la kulitaja. Na kosa la mpango hutengenezwa kwa sheria. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka mpaka: ada ambayo benki ya mnunuzi hupata kwa malipo ya kadi ya mkopo ya mtu binafsi isizidi sehemu 3 katika kila 1,000. Kisima kilipopungua maji, ndoo za maili zilikuwa ndogo. Mwenye kadi wa Ulaya aliyeipinga sheria ile kwa kuwa itampunguzia safari zake, alipaswa kusema waziwazi kwamba anataka mwingine aendelee kumlipia nauli.

Utasema tena: “Mlango ulikuwa wazi. Yeyote aliweza kuchukua kadi.” Hili si kweli. Benki humchagua mkopaji wake, na humchagua aliye na kitu. Mwaka 2023 nyumba milioni 5.6 katika Marekani hazikuwa na akaunti yoyote ya benki. Kumwambia mtu asiye na akaunti kwamba alikuwa huru kuchukua kadi ya maili, ni sawa na kumwambia kiwete kwamba mashindano ya mbio yalikuwa wazi kwa wote.

Baki jambo moja, nalo lamhusu mpokeaji mwenyewe. Maili haziwekwi benki kama fedha. Mwenye kuzitunga aweza kuzipunguza thamani siku yoyote. Mwaka 2015 Delta na United waliacha kumhesabia abiria urefu wa safari wakaanza kumhesabia dola alizotoa, na bado kitu kile kiliendelea kuitwa maili. Aliyedhani anawinda akajikuta yumo katika zizi ambalo ukuta wake husogezwa na mwingine. Tena moyo wa mtu hufuata hesabu zake. Anayepima kila jambo kwa maili litakazoleta, mwisho hununua ili apate, husafiri ili asipoteze, na hafahamu tena ni lipi alilolitaka mwenyewe.

Msomaji, mambo haya hayako Marekani peke yake. Hapa Kenya mashirika ya ndege na benki hutoa pointi, na watumiaji wa simu wa Safaricom wamezizoea pointi za Bonga. Siku yaja utakapopata mshahara wa kwanza, na barua ya kwanza ya kukualika. Sikukatazi kuipokea. Soma masharti yote, na maandishi madogo zaidi kuliko makubwa. Useme kweli katika kila fomu, kwa kuwa anayetaja mapato asiyo nayo si mwerevu bali ni mwongo. Usinunue kitu ambacho usingalikinunua bila ya maili. Lipa deni lako lote kwa siku yake. Ukiyafanya hayo na ukafika Mombasa au Tokyo, haki yako ya kukaa katika kiti kile haina mashaka.

Lakini usijisifu kwamba umesafiri bure, wala usiwacheke wanaolipa kwa fedha taslimu kwa kuwa hawakuijua njia yako. Kiti kina nauli yake, na nauli yake imelipwa. Uliza nani amelipa, na kama alijua. Ukiona kwamba hakujua, mweleze. Na ukiwa siku moja miongoni mwa watunga sheria, wenye benki au wenye maduka, mkumbuke.